Namna ya kumpima mpiganaji kabla hujamtabiria mkanda

Ukitaka kusema mpiganaji fulani wa MMA, yaani mchezo wa ngumi, mateke na mieleka ndani ya ukuta wa nyavu, atafika mbali, anza na pambano aliloshindwa. Kama hajawahi kushindwa, tafuta raundi iliyomtoa jasho. Kama hata hiyo haipo, nyamaza kwanza, maana hujamjua bado, na yeye mwenyewe huenda hajijui.

Nazungumza kama mwenye kibanda cha video hapa Malaba, upande wa Uganda, hatua chache kutoka kwenye foleni ya malori. Wateja wangu ni madereva wa trela wanaosubiri karatasi za forodha, matanboi wao, vijana wa boda na wabadilisha pesa. Mmoja katoka Mombasa, mwingine anaelekea Goma, wa tatu ni mtu wa Mbale. Wakitaka kubishana wote wanaingia kwenye Kiswahili. Mimi nimekulia barakisi za polisi, ambako Kiswahili ndiyo lugha tuliyochapiwa, na mtoto wa kiume alivaa glavu za ndondi kabla hajavaa viatu vya shule. Jumamosi usiku ya Las Vegas ni Jumapili alfajiri kwetu. Mlangoni ni elfu moja, chai ya tangawizi unajilipia, nami nazima sauti ya watangazaji na kutangaza mwenyewe kama VJ, yule anayetafsiri filamu kwa sauti yake.

Kwa hiyo maoni nayasikia. Mengi yanatoka kwenye simu: mtu ameona kipande cha sekunde chache, jamaa kalambwa teke la kichwa na kulala, basi anakuja kunitangazia bingwa mpya wa dunia. Kipande hicho kinakwambia tu kwamba huyu bwana hushinda mambo yakimnyookea. Nani hashindi yakimnyookea? Wanaodumu wanajulikana dakika ile silaha yao ya kwanza imegoma. Hapo ndipo pa kutazama.

Uliza kampiga nani

Sisi wa Uganda hatuna kisingizio cha kutolijua hili, kwa sababu tulikuwa na John Mugabi. "Mnyama", ndivyo walivyomwita. Alileta medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, akaingia ndondi za kulipwa, na kila aliyesimama mbele yake hakuifikia kengele ya mwisho. Majaji walikuwa wanakaa bure. Machi 1986 akakutana na bingwa wa dunia Marvin Hagler kule Las Vegas. Hagler alizila ngumi zile zile zilizowalaza wengine, akabaki wima. Raundi zikasonga, Mugabi akaanza kuishiwa, na ya 11 ikamkuta. Wazee wa barakisi walitusimulia pambano lile mpaka tukalijua bila kuliona, na hakuna hata mmoja aliyesema Mugabi alikuwa dhaifu. Walisema hakuna aliyewahi kumfikisha huko kabla ya siku ile.

Dereva mmoja wa Eldoret alinisikia nikisimulia hayo akasema, "Gari tupu hata mimi nitakupandishia Mau Summit huku nakunywa soda." Sina la kuongeza.

Basi fungua rekodi ya mtu wako, uwaangalie wapinzani wake watano sita wa mwisho, mmoja mmoja. Huyu alikuwa ametoka kushinda au kushindwa? Alikuwa na umri gani? Alipewa pambano mapema, au aliitwa wiki ya mwisho kuziba pengo? Kijana mwenye ushindi 12 bila kushindwa, huku nusu ya aliowapiga walikuwa wametoka kupigwa mfululizo, namweka chini ya mwenye 9 na vipigo 3 aliyekutana na watu wanaotesa kwenye uzito wake. Kazi hii haichukui hata muda wa kumaliza kikombe cha chai, lakini wabishi wengi hawaifanyi kwa sababu inawaharibia utamu.

Pumzi

Hapa nitakaa.

Pambano la kawaida la UFC, shirika kubwa la MMA la Marekani, lina raundi tatu za dakika tano. La mkanda, na pambano kuu la usiku, lina tano. Anayemaliza kila mtu dakika ya pili hujaiona dakika yake ya kumi na mbili, na pengine kocha wake pia hajaiona nje ya mazoezi.

Mfano wangu wa kwanza ni Francis Ngannou, mtoto wa Batié, Cameroon, aliyechimba mchanga ujanani kabla ya kufika Paris mwaka 2013. Desemba 2017 alimpiga Alistair Overeem ngumi ya chini kwenda juu ambayo watu bado wanaiangalia. Kibanda kizima, na dunia nzima, kilisema mkanda ni wake. Januari 2018 akapewa Stipe Miocic, mwenye mkanda wenyewe. Raundi ya kwanza alirusha kila alichonacho. Miocic akakwepa, akamshika miguu, akamwegemea ukutani, akamlaza, akamwegemea tena. Kufika raundi ya tatu mikono ya Ngannou ilikuwa mizito kuinuka. Majaji wote watatu waliandika 50-44, yaani Miocic alichukua raundi zote tano.

Aliyemzika siku ile alikosea, na hili ndilo sharti la pili la somo la pumzi: baada ya kuona udhaifu, fuatilia kama mtu anaufanyia kazi. Machi 2021 waliporudiana, Ngannou alitulia. Miocic alipojaribu kumshika miguu, alimzuia bila papara, na raundi ya pili akammaliza. Januari 2022, goti likiwa bovu, akampiga Ciryl Gane kwa pointi kwa kumwangusha chini, yeye ambaye miaka minne nyuma alikuwa hajui afanye nini akikumbatiwa. Sasa hapo unaweza kusema neno kuhusu kesho ya mtu.

Pumzi inaonekana kabla mtangazaji hajaitaja. Wengi wanatazama mdomo, eti umeachama. Mdomo unadanganya, wapo wanaopumua hivyo tangu kuingia. Mimi natazama mateke. Raundi ya kwanza yanakwenda kichwani, ya pili mbavuni, ya tatu yanagusa shavu la mguu au hayapo kabisa. Halafu natazama anavyorudi kukaa kengele ikilia: anatembea, au anatafuta kiti kwa mkono? Halafu mgongo. Mtu aliyeanza kuchoka hupenda ukuta wa nyavu; anajikuta kaegemea, na anakaa hapo kwa sababu kuegemea kunapumzisha. Ukiona mgongo umegusa nyavu mara ya tatu bila kusukumwa, mwambie jirani yako amalize chai, kuna jambo linakuja.

Sasa tumseme wetu. David Onama ni mzaliwa wa Uganda aliyekulia Marekani, anapigana UFC kwenye uzito wa kilo 65.8, na hapa kwangu jina lake linajaza viti. Agosti 2022, San Diego, alikutana na Nate Landwehr. Onama hakuwa amepangiwa pambano lile. Aliingia kuziba nafasi, tena alikuwa ametoka kupigana mwezi uliotangulia. Raundi ya kwanza ilikuwa yake na nusura amalize kazi. Kisha pumzi ikakata. Landwehr, ambaye ni aina ya mtu anayefurahia kupigwa, akarudi, akamsumbua chini na juu, na uamuzi ukaenda kwake. Jaji mmoja tu aliwapa sare. Pambano lile lilipewa tuzo ya bora la usiku, na mashabiki wa Kampala walitukana majaji mtandaoni wiki nzima. Majaji hawakuwa na kosa.

Swali la kujiuliza pale halikuwa kama Onama ni mpiganaji mzuri. Lilikuwa: pumzi ilikata kwa sababu ya maandalizi mafupi, au kwa sababu ndivyo alivyo? Jibu halipatikani kwenye pambano lile lile. Unasubiri. Aprili 2025, kule Kansas City, alikwenda raundi zote tatu na Giga Chikadze wa Georgia, mtu wa mateke makali, akashinda kwa pointi. Kwa hiyo la pumzi nililifunga.

Siku ile tanboi mmoja wa Mbale alisimama juu ya benchi. "Huyu ni bingwa kabla mwaka haujaisha!"

Nikamuuliza, "Kwa nini?"

"Kwani si Mganda?"

Mzee mmoja dereva, ambaye kwa kawaida hanyanyui hata kofia, akajibu kutoka nyuma: "Na Amin alikuwa Mganda, tena bingwa wa ndondi. Sasa?"

Tulichelewa kuwasha pambano lililofuata.

Akiwa chini anafanya nini

Kwa mtoto wa ndondi hili ni gumu kulitazama, kwa sababu kwetu mtu akianguka refa anahesabu. Huku mtu akianguka ndipo kazi inaanza.

Usihesabu ameangushwa mara ngapi. Hesabu alikaa chini muda gani kila mara. Kuna anayeangushwa mara sita na kuinuka mara sita ndani ya sekunde kumi. Huyo amechoka kidogo na aliyemwangusha amechoka sana. Kuna anayeangushwa mara moja tu, raundi ikaishia hapo. Tazama mkono wake ulio karibu na mwenzake: unapita chini ya kwapa la mpinzani kumsukuma ajipe nafasi, au umemkumbatia shingo kwa kukata tamaa? Tazama nyonga. Anayejua kuinuka hugeuka ubavu, anasogeza nyonga nje, anautafuta ukuta kwa bega. Asiyejua hulala chali akiitazama taa.

Agosti 2025 huko Chicago, Dricus du Plessis wa Afrika Kusini alikuwa na mkanda wa kilo 83.9. Mtu mgumu, mwenye kupigana kwa namna isiyopendeza macho. Alikuwa amemkaba Israel Adesanya, bingwa wa zamani wa uzito huo, mwaka mmoja kabla, na wengi waliosema hajui kupigana alikuwa amewanyamazisha. Khamzat Chimaev akamlaza. Katika dakika 25, zaidi ya 20 zilipita Chimaev akiwa juu yake au nyuma yake. Wabishi walisema Chimaev kashinda bila kupigana. Mimi niliona kitu kingine: kabla ya siku ile, sifa ya Chimaev ilikuwa kwamba ni moto wa raundi moja, na bingwa wa zamani Kamaru Usman alikuwa amemsumbua mwaka 2023 baada ya raundi ya kwanza. Hapa alipanga nguvu zake kwa raundi tano. Mtu akikuonyesha kwamba lile alilosemwa kwalo amelirekebisha, mpandishe. Du Plessis naye usimtupe, ila kwanza nimwone anainuka.

Sikiliza dakika ya kocha

Kati ya raundi kuna dakika moja, na madereva wengi huitumia kwenda haja ndogo. Kaa. Ndiyo dakika ninayoipenda kutafsiri.

Agosti 2022, Salt Lake City, Leon Edwards, akigombea mkanda wa Usman, alipoteza mwelekeo baada ya raundi ya kwanza nzuri. Ya pili, ya tatu, ya nne zote zilikwenda kwa Usman, na Edwards alikuwa na sura ya mtu anayesubiri iishe. Kabla ya ya tano, kocha wake Dave Lovell alimkaripia kama baba amkaripiavyo kijana aliyekaa kitandani mchana. Nusu ya kibanda walikuwa wameshatoka kuangalia foleni. Ikiwa imebaki chini ya dakika moja, Edwards alionyesha mkono wa kushoto, Usman akainamisha kichwa kukwepa, na teke la kushoto likamkuta huko huko alikokimbilia. Waliotoka walirudi mbio wakidhani taa zimelipuka.

Usichukue somo kwamba miujiza hutokea. Tazama kwamba mtu aliyekuwa amekata tamaa aliambiwa jambo, akalisikia, akatoka na kufanya kitu walichokizoeza. Wako wapiganaji ambao kocha anaongea huku wao wanatazama skrini kubwa kujiona. Wako ambao kocha mwenyewe anapayuka "endelea, endelea" bila kusema lolote la kufanya. Ukitaka kujua kesho ya kijana, msikilize anayemwagia maji kichwani.

Mambo ya haraka

Uzito: kupima hufanyika asubuhi ya siku moja kabla, ambayo kwetu ni jioni ya Ijumaa kama pambano ni Las Vegas. Mtazame akipanda mizani. Mashavu yaliyoingia na midomo mikavu ni kawaida. Kutetemeka na kushikiliwa si kawaida. Lakini usifanye sheria: Charles Oliveira alizidi nusu ratili Mei 2022, akavuliwa mkanda wake kwa hilo, na kesho yake akamkaba Justin Gaethje raundi ya kwanza.

Kupanda uzito: mtu akitangaza anakwenda kuchukua mkanda wa pili juu, jiulize nani atakuwa juu ya nani wakianguka. Israel Adesanya alipomfuata Jan Błachowicz Machi 2021, wakiwa wamesimama alijimudu. Raundi za mwisho alilaliwa, na kilo zikaongea.

Umri: wa uzito mdogo huanza kuchelewa mapema, wazito wanaendelea hadi uchoke wewe.

Mdomo: hausaidii kupima chochote. Moses Golola ametuchekesha Uganda nzima kwa maneno kabla ya mapambano yake ya mateke na ngumi, nami namshukuru kwa hilo. Ukiwa unapima, zima sauti.

Kuhusu mkeka

Wateja wangu wanabeti, na sheria ya Uganda inamruhusu tu aliyefika miaka 25. Sibishani nao. Ila namba ile isome vizuri. Mpiganaji akiwekewa 1.25, wenye pesa wanasema angeshinda mara nne katika tano, na wewe ukiamini hivyo hivyo, hujaona lolote wasiloliona wao. Maoni yenye thamani ni yale yanayotofautiana na namba ile kwa sababu unayoweza kuitaja: ameangushwa na kila mwenye mieleka, pumzi yake haijapimwa, kambi amebadilisha. "Nina hisia" si sababu. "Ni mwenzetu" ndiyo kabisa.

Vijana wa hapa, na jibu langu kwa Onama

Naulizwa sana lini kijana aliyelelewa hapa hapa atavaa mkanda mkubwa. Mikono tunayo, nchi iliyomtoa Ayub Kalule na Mugabi haijifunzi kurusha ngumi. Mieleka tunayo pia, Baganda wana ekigwo tangu mababu. Kinachokosekana ni mahali pa kuunganisha hivyo viwili mbele ya mpinzani wa kweli, mara nyingi kwa mwaka, na kulipwa. Afrika Kusini wamekuwa na EFC, ligi yao ya MMA, tangu 2009, ndiko du Plessis alikoiva. Mwaka 2025 PFL, shirika jingine la MMA la Marekani, ilianzisha ligi ya Afrika, Ngannou akiwa mwenyekiti wake, na ikafika hadi Kigali, mji ambako madereva wangu wanapeleka mzigo kila mara. Kijana wa Naguru, Kampala, akinionyesha kwamba anapanda basi kwenda kupigana Kigali au Nairobi hata bila uhakika wa kushinda, nitaanza kuandika jina lake. Akiniletea video ya kumpiga mtu asiyejulikana, nitaangalia yule asiyejulikana kwanza.

Na Onama? Novemba 2025 alipewa pambano kuu la usiku dhidi ya Steve Garcia, mpiganaji wa mkono wa kushoto mwenye pigo zito, akamalizwa raundi ya kwanza. Kibanda kilikuwa kimya mpaka nikasikia birika. Kwa kipimo hiki changu, pambano lile halikusema lolote kuhusu pumzi yake, hilo lilishafungwa. Lilisema kwamba akishikwa na ngumi nzuri mapema hana njia ya pili ya haraka ya kununua muda. Alikuwa na miaka 31. Namwona akishinda mapambano mengine mengi na kuwasumbua walio juu yake. Mkanda simwoni nao leo. Nitabadilisha nikimwona ametikiswa raundi ya kwanza, akamkumbatia mwenzake ukutani mpaka kichwa kikatulia, kisha akachukua ya pili na ya tatu.

Yule tanboi wa Mbale bado anasema mwaka haujaisha. Nimemwambia alete sababu.